Kuweka plastiki taka kwenye lami: mwongozo wa kipande chako cha kwanza

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Chupa za maji zinafaa? Plastiki inayeyushiwa wapi, kwenye pipa la lami au kwenye kokoto? Kilomita moja inakula kilo ngapi? Jua la Dodoma halitaiyeyusha barabara? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu nikiwa nimesimama kando ya mtambo, na leo nayajibu kwa maandishi ili uwe na mahali pa kurudi ukikwama.

Mwongozo huu nimemwandikia fundi, mkandarasi mdogo au kikundi cha usafi ambacho kimepata eneo la kujaribia: njia ya ndani ya shule, maegesho ya magari, kipande cha barabara ya kiwandani. Unafuata njia kavu. Plastiki iliyokatwa vipande vidogo inanyunyizwa juu ya kokoto za moto, inayeyuka na kuzivika kokoto ngozi nyembamba, kisha ndipo lami inaingia. Aliyeiweka njia hii mbele ya watu ni Rajagopalan Vasudevan, mwalimu wa kemia katika chuo cha uhandisi cha Thiagarajar huko Madurai, kusini mwa India. Barabara ya kwanza aliijenga ndani ya chuo chake mwaka 2002. Mwaka 2013 Indian Roads Congress, chombo cha wahandisi wa barabara wa India, ilitoa mwongozo rasmi, na mwishoni mwa 2015 serikali ya India ikaagiza plastiki taka itumike kwenye barabara za lami zilizo karibu na miji mikubwa. Vipimo vingi utakavyoviona hapa vimekaa kwenye mkondo huo wa Wahindi.

Iko njia nyingine, ya kuyeyushia plastiki ndani ya lami yenyewe. Kampuni ya Shisalanga ya Afrika Kusini ilifuata mkondo huo ilipoweka kipande cha barabara Cliffdale, KwaZulu-Natal, mwaka 2019, ikitumia plastiki ya chupa za maziwa iliyokwisha kugeuzwa punje. Ni njia nzuri kwa mwenye mashine. Lakini plastiki ni nyepesi kuliko lami, ukiacha kukoroga inapanda juu na kuganda kama malai juu ya maziwa. Asiye na tangi lenye kikorogeo cha nguvu aiache.

Nikisema lami hapa nina maana ya ule uji mweusi unaotoka kwenye pipa. Nikisema zege la lami nina maana ya mchanganyiko kamili: kokoto, vumbi la mawe na lami.

Kabla hujakusanya hata kilo moja

Barabara ya umma si mahali pa kujifunzia. Kama ni ya TARURA au TANROADS, au kwa Kenya iko chini ya KURA, KeRRA au KeNHA, unahitaji ruhusa ya maandishi ya mhandisi mwenye barabara, naye atakudai majibu ya maabara kabla ya kukusikiliza. Ana haki kabisa. Anza kwenye eneo la mtu aliyekubali kwamba hili ni jaribio. Hata hapo pitia halmashauri kwanza kuhusu kukusanya na kuhifadhi plastiki, kwa sababu marundo ya nailoni kavu katikati ya makazi yanasubiri njiti moja tu ya kiberiti.

Kisha tazama maji yanakwenda wapi. Plastiki inakaa kwenye sentimita chache za juu. Haiwezi kufanya chochote kwa udongo wa mfinyanzi unaovimba chini, wala kwa mtaro uliozibwa na mchanga. Kama eneo linatuama maji kila masika, pesa yako iende kwenye mtaro na tabaka la chini kwanza. Nimeombwa mara nyingi nipeleke zege lenye plastiki mahali penye mashimo yanayorudi kila mwaka. Nikifika nakuta mashimo yamefuata mstari wa maji, na dawa yake ni jembe na mawe ya mtaro.

Vinavyohitajika

- Plastiki laini iliyochambuliwa, safi na kavu (kiasi nitakionyesha kwenye hesabu)
- Mashine ya kukatia plastiki, yenye chekeche la matundu madogo
- Mabeseni au matangi mawili ya kuoshea, na turubai au kichanja cha kuanikia
- Mizani miwili: wa kupima kilo, na wa kupima gramu kwa kazi ya maabara
- Kipimajoto cha kuchomeka, kinachofika nyuzi 250. Kile cha bunduki ni msaidizi tu, kinasoma ngozi ya juu ya rundo na kukuficha moto ulio ndani
- Mtambo wa lami wa mafungu (unaochanganya fungu moja baada ya jingine), au mashine ndogo ya kuchanganyia yenye kichomeo cha chini
- Lami ya daraja la 60/70 (namba ikiwa kubwa, lami ni laini zaidi). Usichukue ngumu zaidi ya hiyo, maana plastiki yenyewe inakaza
- Kokoto na vumbi la mawe ambavyo mgawanyo wake wa ukubwa umepimwa
- Maabara yenye vifaa vya jaribio la Marshall (la kukandamiza kidonge cha zege la lami ili kupima nguvu yake), yako au ya kukodi
- Rola ya tani 8 hadi 10
- Glavu za ngozi, buti, miwani, barakoa za mvuke (zile za kitambaa hazizuii kitu), ndoo za mchanga na kizima moto

Kama huna kipimajoto, ahirisha kazi mpaka ukipate. Vingine vyote vina mbadala.

Plastiki ipi inaingia, ipi haiingii

Hapa ndipo kazi inapofia au kupona, kwa hiyo vumilia nikae kidogo.

Unatafuta plastiki inayoyeyuka kabla kokoto hazijawa moto kupita kiasi. Nailoni laini, zenye alama ya pembetatu namba 4, huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi. Zile ngumu za namba 2, za madumu na chupa za maziwa, karibu nyuzi 130. Namba 5, za viroba vya kusokotwa na vifuniko vingi, huyeyuka karibu na nyuzi 160, ambazo ni mpakani kabisa mwa joto letu la kazi.

Kwa kipande cha kwanza tumia namba 4 peke yake. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku, Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya mifuko ile. Nailoni iliyobaki ni ya vifungashio: ile inayofunga katoni za chupa za maji, mifuko ya mkate, nailoni zinazofunikia magodoro na friji dukani, nailoni za vitalu vya miche. Nenda kwa wauzaji wa maji wa jumla na maduka ya samani. Utapata nailoni safi ya aina moja, na kuosha kutapungua nusu.

Angalia pia ile mifuko mbadala iliyoingia sokoni Tanzania baada ya marufuku, inayoonekana kama kitambaa. Si kitambaa. Nyingi ni plastiki namba 5 iliyobanwa. Ukiichanganya na nailoni laini, nailoni itayeyuka na nyuzi za mfuko zitabaki zimesimama kwenye kokoto kama manyoya.

Visivyoingia kabisa:

- Namba 3. Mabomba ya maji, maganda ya nyaya za umeme, maturubai mazito, vitambaa vya meza vya plastiki, ngozi bandia. Ikipata moto hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu na kula chuma cha mtambo. Kipande kimoja ni kingi.
- Chupa za maji na soda, namba 1. Huyeyuka karibu nyuzi 250. Kwenye kokoto zetu zitabaki vipande vikavu visivyoshika lami. Na chupa hizo zina soko lake, waachie waokota makopo wauze.
- Vyombo vya dawa za kilimo, taka za hospitali, nepi.
- Pakiti za biskuti na krispi zenye ngozi ya fedha ndani. Wahindi wanaziruhusu zikiwa nyembamba. Mimi kwa anayeanza nazitoa, maana zinaficha kosa: ukiona vimeta kwenye zege hujui kama ni ngozi ya pakiti au plastiki isiyoyeyuka.

Kazi yenyewe

1. Chambua kwa mkono, kisha kwa maji. Mwaga kwenye meza, toa vyakula, karatasi, gundi, kamba. Halafu kata vipande vidogo vya kila aina unayoitilia shaka uvizamishe kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni. Sabuni inaondoa viputo vya hewa vinavyodanganya. Namba 2, 4 na 5 huelea. Namba 1 na 3 huzama. Kilichozama kinatoka, hata ukikiona kizuri. Usijaribu kutambua plastiki kwa kuichoma na kunusa moshi. Nawaona vijana wakifanya hivyo kila siku, na wanaolipa ni wao wenyewe.

2. Osha na ukaushe mpaka ikauke kweli. Beseni la kwanza lina sabuni, la pili maji matupu. Maji ya kuoshea yapite kwenye chekeche la kitambaa kabla ya kumwagwa, ili vipande visifuate mtaro hadi mtoni. Anika siku nzima. Kunja konzi ya nailoni, ibane kwa nguvu kwenye karatasi ya kufungia: karatasi ikiloa, rudisha juani. Maji yakiingia kwenye kokoto za nyuzi 165 hugeuka mvuke papo hapo, na lami inayofuata itavimba na kutoa povu. Udongo nao unakunywa lami ambayo ungetaka ishike kokoto. Uchafu usizidi asilimia 1 ya uzito.

3. Kata vipande vya milimita 2 hadi 4. Vikiwa vikubwa vinakunjana na kuyeyuka kama madonge. Vikiwa vumbi vinapeperuka na kuziba vichujio vya mtambo. Nailoni laini hupenda kujizungusha kwenye shimo la mashine, kwa hiyo noa visu kabla ya kuanza na ulishe kidogo kidogo. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuingiza mkono kutoa kilichonasa.

4. Piga hesabu, iandike ukutani. Anza na plastiki asilimia 8 ya uzito wa lami. Rudia kusoma: ya uzito wa *lami*. Watu wengi hukosea hapo wakaweka asilimia 8 ya zege lote, na wakaishia na kitu kama mpira uliopasuka.

Tuseme kipande chako ni mita 50 kwa mita 3, unene sentimita 4. Hiyo ni mita za ujazo 6. Zege lililoshindiliwa lina uzito wa tani 2.3 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji karibu tani 14. Lami ikiwa asilimia 5, ni kilo 700. Asilimia 8 ya kilo 700 ni kilo 56 za plastiki, na lami halisi inabaki kilo 644. Kwa kila fungu la kilo 1,000: kokoto na vumbi la mawe kilo 950, plastiki kilo 4, lami kilo 46.

Kilo 56 zinasikika chache. Lakini kiroba kilichokuwa cha kilo 50 za sukari, kikijazwa nailoni iliyokatwa, hakifiki hata kilo 5. Panga mahali pa kuhifadhi mapema. Kwa kilomita moja ya njia ya mita 3.75, unene wa milimita 25, hesabu hiyohiyo inakupa kilo 860 hivi, ndiyo maana India husema kwa mkato tani moja kwa kilomita.

5. Nenda maabara kabla ya kwenda mtamboni. Tengeneza vidonge vya Marshall vya gramu 1,200: vitatu bila plastiki, vitatu vya asilimia 6, vitatu vya 8, vitatu vya 10. Kwa asilimia 8 na lami ya asilimia 5, kidonge kinachukua kokoto na vumbi gramu 1,140, plastiki gramu 4.8 na lami gramu 55.2. Pasha kokoto nyuzi 170, nyunyiza plastiki huku ukikoroga mpaka zing'ae kama zimepakwa mafuta, ndipo umimine lami. Shindilia kidonge kwa mapigo 75 ya nyundo kila upande.

Tazama mambo matatu. Nafasi za hewa ziwe kati ya asilimia 3 na 5. Mtiririko, yaani kiasi kidonge kinavyobonyea kabla ya kushindwa, uwe milimita 2 hadi 4. Ukishuka chini ya 2 zege limekuwa gumu mno, litapasuka. Halafu tengeneza seti nyingine ya vidonge, iloweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24, uilinganishe na ile iliyokaa nusu saa tu. Ikibaki chini ya asilimia 80 ya nguvu, usiende mbele.

Ongeza jaribio la mfukoni: vika kokoto chache plastiki na lami, ziache zipoe, zizamishe kwenye maji ya nyuzi 40 siku nzima. Fanya hivyohivyo kwa kokoto zisizo na plastiki. Ziweke mbili hizo kwenye sahani moja umwonyeshe mwenye eneo. Penye kokoto za asili zinazokataa lami utaona tofauti kwa macho, lami ikiwa imebanduka upande mmoja na kushika upande wa pili. Hiyo ndiyo faida kubwa ya plastiki kwenye nchi za mvua, na mimi naithamini kuliko kilo chache za lami zinazookolewa.

6. Pasha kokoto nyuzi 160 hadi 170. Zisizidi 175. Nailoni tunayoitumia huanza kuvunjika na kutoa gesi ikiwa juu zaidi, karibu nyuzi 270, lakini ukingo wa pipa na karibu na kichomeo joto hupanda haraka kuliko kipimajoto kinavyokuambia. Chomeka kipimajoto sehemu tatu za rundo.

7. Weka plastiki mahali sahihi pa mtambo. Kwenye mtambo wa mafungu, plastiki inaingia kwenye kikorogeo baada ya kokoto za moto kupimwa na kabla ya lami. Tengenezea mlango wa mteremko ili mtu asiiname juu ya kikorogeo. Kwenye mtambo wa pipa linalozunguka bila kukoma, plastiki lazima iingie nyuma ya moto, kwenye mlango unaotumika kuingizia zege la zamani. Kama mtambo hauna mlango huo, tafuta mtambo mwingine.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona. Miaka ya mwanzo, kwenye mtambo mmoja ambao haukuwa na mlango huo, tulimwaga plastiki kwenye mkanda wa kokoto baridi. Ilipita mbele ya moto. Mzee aliyekuwa akiendesha kichomeo alitazama bomba la moshi, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, zima. Ule si mvuke." Vichujio vya mtambo vilikuwa vimefunikwa na utando mweusi unaonata, na ilituchukua siku mbili kuvisafisha. Vijana wawili waliumwa kichwa mpaka kesho yake. Sijawahi kurudia, nawe usianzie hapo.

8. Koroga kavu sekunde 30 hadi 60, kisha lami. Baada ya plastiki kuingia, subiri. Fungua, chota kwa sepetu, angalia: kokoto zote zing'ae, pasiwe na kipande kinachoonekana. Ndipo mimina lami ya nyuzi 150 hadi 160 na ukoroge mpaka hakuna kokoto yenye doa jeupe. Mkubwa wa mtambo atakuharakisha, kwa sababu kila sekunde ni mafuta. Shikilia sekunde zako.

9. Tandaza na kushindilia upesi. Fagia sakafu, nyunyiza emalsheni ya kushikisha (lami iliyochanganywa na maji) na usubiri igeuke kutoka kahawia kuwa nyeusi. Zege lenye plastiki hukaza mapema kuliko la kawaida likipoa, na hapo ndipo walio wengi huharibu kazi nzuri ya mtamboni. Funika lori kwa turubai hata kama safari ni ya dakika 20. Rola ianze zege likiwa juu ya nyuzi 120, na mzunguko wa mwisho uishe kabla halijashuka 90. Asubuhi yenye baridi ya Mbeya au Limuru usitandaze. Ngoja jua liipashe sakafu.

10. Weka kipande cha kawaida pembeni. Mita 50 zenye plastiki, mita 50 zisizo nayo, kokoto zilezile, siku ileile, rola ileile. Bila hicho hutaweza kumthibitishia mtu yeyote kitu chochote. Kata sampuli kwenye vipande vyote viwili, piga picha, na kwenye daftari andika aina ya plastiki, asilimia na tarehe. Siku barabara itakapokwanguliwa, anayelipasha upya zege hilo anapaswa kujua kilichomo.

11. Fagia mabaki. Vipande vya plastiki vilivyodondoka kwenye lori, mtamboni na kando ya njia vikusanywe siku hiyohiyo. Plastiki iliyoyeyuka na kufungwa na lami ina mahali pake. Iliyomwagika itakuwa mtoni mvua ya kwanza. Wanaotuuliza kuhusu chembe za plastiki kwenye maji wanauliza jambo la haki, na jibu la kwanza ni ufagio.

Mambo yakienda kombo

*Moshi mweupe wenye kuchoma macho unatoka kwenye kikorogeo.* Simamisha kichomeo, ondoa watu upande unakoelekea upepo. Ama kokoto zimepita joto, ama kuna namba 3 ndani. Pima joto. Kama liko chini ya 170, fungu lote la plastiki lirudi kwenye ndoo ya maji kabla ya kuendelea.

*Madonge meusi yanayonyooka kama ubani uliotafunwa.* Plastiki iliingia kwa mkupuo mmoja, au vipande vilikuwa vikubwa. Ichekeche upya, na mwaga kwa kutawanya.

*Vipande vinaonekana, havijayeyuka.* Kokoto zilikuwa baridi, au umeingiza namba 1 au 5. Toa kipande kimoja, kisafishe, kiweke juu ya bati lililopashwa nyuzi 130. Kisipolainika si nailoni yetu.

*Lami inatoa povu.* Plastiki au kokoto zina maji. Usiongeze moto kuyakausha ndani ya kikorogeo. Rudi hatua ya 2.

*Zege ni kavu, kokoto zinang'oka wiki ya kwanza.* Ama umepunguza lami kuliko maabara ilivyosema, ama rola imechelewa. Tazama sampuli: nafasi za hewa zikizidi 8, kosa ni la kushindilia. Zikiwa sawa, kosa ni lami.

*Nyufa nyembamba za kukatiza zimetokea baada ya msimu wa baridi.* Zege ni gumu mno. Shusha plastiki hadi asilimia 6, au tumia lami laini, 80/100, ukianza upya maabara. Ziba nyufa kabla ya mvua.

*Magurudumu yamechimba mabonde.* Angalia chini kwanza. Chimba shimo dogo pembeni: kama mabonde yameingia hadi tabaka la changarawe, plastiki haihusiki. Kama ni zege pekee lililosogea, pima tena kiasi cha lami, huenda imezidi.

*Jua litaiyeyusha?* Sakafu ya lami kwenye jua kali hufika nyuzi 60 na ushee. Nailoni inahitaji zaidi ya 100. Utaona mwenyewe mchana wa Januari: kanyaga kipande cha kawaida, kisha kanyaga chenye plastiki, usikie kipi kinashika soli ya kiatu.

*Naweza kuongeza plastiki hadi asilimia 15 ili nimalize taka nyingi?* Hapana. Kila ninayemfahamu aliyepita 10 bila maabara alirudi kukwangua. Kama una taka nyingi kuliko barabara, ifunge marobota safi, yaliyochambuliwa, uyaandike aina yake kwa rangi. Mnunuzi wa nailoni iliyochambuliwa vizuri yupo, na kipande chako cha pili cha barabara kitaanza na plastiki iliyo tayari.